Wali wa Kiberege Ubaoni

Nyie walimu wapya mnaoripoti shuleni kwetu na begi mgongoni na kishikwambi mkononi, karibuni Ifakara. Mkikaa kidogo mtaambiwa kwamba hapa alikuwepo mzee mmoja aliyefundisha Kiingereza, Mista Than. Ndiye mimi. Jina langu la ubatizo ni Longino, lakini ukiingia sokoni ukamuulizia Mwalimu Longino utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Uliza Mista Than, utaletwa hadi mlangoni.

Mkuu wa shule ameniomba niwaandikie maneno machache kuhusu kazi hii. Alisema yawe ya kutia moyo. Jamani, ya kutia moyo sina. Nina ya kuchekesha, na katika mengi anayechekwa ni mimi mwenyewe. Siku hizi nimestaafu, nalima mchicha nyuma ya nyumba, na mchicha una heshima kuliko kidato cha pili: ukiupanda mstari, unakaa mstari.

Kuna mada mbili za Kiingereza zilizonilisha na kunitesa. Ya kwanza ni vile vitenzi vinavyotembea na kineno kidogo nyuma yake. "Depend" hatembei bila "on". "Listen" hatembei bila "to". "Wait" na "for". Mtoto wa hapa, ambaye nyumbani kasema Kindamba au Kipogoro na shuleni kasema Kiswahili, anakuuliza swali la haki kabisa: mwalimu, kwa nini "on" na si "in"? Nilipokuwa kijana nilijaribu kueleza. Nilichora meza ubaoni, nikachora kikombe juu ya meza, nikasema kutegemea ni kama kukaa juu ya kitu. Darasa likanitazama. Nilitoka jasho mpaka chaki ikalowa mkononi.

Baadaye nikapata njia, nanyi ichukueni bure. Waambieni ni ndoa. Depend kamwoa on. Je, harusini ulikuwepo? Hukuwepo. Basi usiulize walipendana vipi, wewe waheshimu tu wanavyokaa pamoja. Watoto walielewa siku hiyo hiyo. Ikaja siku binti mmoja akanyoosha kidole, akasema, "Mwalimu, mbona look ana wake wengi? Kuna look at, look for, look after." Nikasema, "Huyo ni tajiri, kaa chini." Darasa likavunjika mbavu, lakini wale hawakukosea tena "look" mpaka wanamaliza.

Kwa njia hiyo hiyo nilijiaibisha. Kwa muda mrefu nilifundisha kwamba "discuss" kamwoa "about". Nilikuwa nawaimbisha wanafunzi kwa sauti, kiitikio kinapaa hadi barabarani: discuss about, discuss about! Mkuu wa idara yetu alikuwa Bi Faustina, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyenipokea nikiwa kijana mwenye shati moja la maana. Alinisikia akiwa anapita. Hakuingia darasani. Alingoja kengele, akanivuta ukutani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Longino, discuss haoi. Yule ni padre."

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nikaingia darasani, nikaandika ndoa ile ubaoni, nikaivunja mbele ya mashahidi wote. Nikasema wazi kwamba aliyewaoza ni mimi na nilikosea. Kosa ulilolifundisha ubaoni, lifutie ubaoni. Ukilifutia ofisini, watoto wataondoka nalo.

Mada ya pili ni kulinganisha. Huyu mrefu kuliko yule, hiki kizuri kuliko kile. Hapo katikati ndipo Waingereza wanaweka "than", na ndipo nilipopewa jina, kwa sababu nilikuwa nikilitamka kwa ulimi uliotokeza nje kama mtu aliyeungua na chai. Lilinipendeza mno lile neno. Ningeweza kulinganisha chochote kilichopita mbele yangu.

Nikaanza kwa kulinganisha watoto. Nikaita wawili mbele, mmoja mrefu, mmoja mfupi, nikasema sentensi, darasa likaitikia. Safi kabisa, nikajiona fundi. Kumbe yule mfupi alitoka pale na jina: Shota, kutokana na "shorter" yangu. Alimaliza shule akiitwa Shota, akaoa akiitwa Shota, na leo ana bodaboda pale stendi iliyoandikwa Shota kwa rangi nyekundu. Tukionana ananipungia mkono na kunidai nauli mara mbili, anasema moja ni ya safari na nyingine ni ya jina.

Bi Faustina aliposikia, alinikalisha. "Linganisha vitu, Longino. Usilinganishe watu. Vitu havina moyo."

Nikamsikiliza. Naapa nilimsikiliza! Nikaacha watu, nikashika vitu: embe na papai, baiskeli na pikipiki, mto Kilombero na vijito vya milimani. Na siku moja, njaa ikiwa imenishika saa ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: "The rice of Kiberege is sweeter than the rice of Ifakara." Wali wa Kiberege ni mtamu kuliko wali wa Ifakara. Msiniulize niliujuaje utamu huo. Nilikuwa nasikia watu kwenye basi la kutoka Kidatu wakiusifia, nami mtu akisifia chakula huwa sibishani naye. Darasa likaimba. Nikawaambia waikariri.

Sasa niwaeleze njia yangu nyingine, ambayo nilijivunia kuliko zote. Niliiita Kiingereza cha jikoni. Mtoto wetu akitoka geti la shule hakutani na Kiingereza popote mpaka kesho. Kwa hiyo nilimtaka kila mmoja, familia ikikaa kula, aseme sentensi moja ya wiki, aitafsiri, na nyumba nzima irudie. Ilikuwa njia nzuri, na nawaambia hata leo ni nzuri. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiwafokea mbuzi wake "Listen to me!", na "to" alikuwa haikosi.

Katika kidato cha nne nilikuwa na binti anaitwa Rehema. Mpole, mwandiko mzuri, aliyeshika kila ndoa niliyofunga ubaoni. Baba yake, Mzee Shabani, alikuwa na wake wawili. Mama aliyemzaa Rehema ndiye mdogo, akikaa Kiberege shambani. Mke mkubwa, Bi Zuhura, alikaa hapa mjini, Lipangalala, na hakujaliwa mtoto. Rehema aliletwa kwake akiwa anaanza darasa la kwanza, akakulia pale, na Bi Zuhura alimwita mwanangu. Rehema alimwita mama mkubwa, kama ilivyo desturi.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa busara. Mwenye wake wawili hapimi mapishi. Kila sikukuu ya Idi familia nzima ilikusanyika Lipangalala, na kila mke aliweka sufuria yake ya wali, na mzee alikula huku na huku kwa mkono ule ule. Wageni wakimchokoza aseme upi mtamu, alikuwa na jibu moja tu: "Alhamdulillahi." Miaka yote hiyo ya ndoa, halijawahi kutoka neno jingine kinywani mwake kuhusu wali.

Ndipo wiki ya sentensi ile ilipoangukia Idi ya mwaka ule. Watu wamejaa ukumbini, sinia zimekaa mkekani, na mjomba mmoja anataka kusikia Kiingereza cha kidato cha nne. Rehema akasimama. Akasema sentensi ya wiki bila kukosea hata herufi. Wageni wakapiga makofi. Mjomba akasema, "Haya, tafsiri basi na sisi tufaidi."

Akatafsiri.

Nimesimuliwa na watu wengi kilichofuata, na wote wanasema hakuna kilichofuata. Mtu mmoja akakohoa. Mzee Shabani akavaa kofia yake akasema anakwenda kuswali, na hata saa ya sala ilikuwa bado. Bi Zuhura akakusanya vyombo taratibu, akawasindikiza wageni hadi mlangoni. Kisha akamwambia Rehema, "Kumbe nimekusumbua miaka yote hii kukulisha wali usio mtamu. Nenda kwa mama yako ukale mtamu."

Mimi nilikuwa ofisini asubuhi ya siku ya shule iliyofuata, nakunywa chai ya rangi kwa raha zangu. Nikasikia mburuzo wa bati mlangoni. Rehema. Ana sanduku lake la chuma na godoro limekunjwa kwa kamba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unahamia ofisini?"

"Nimekuja kuaga, mwalimu. Mama anakuja Jumapili kunichukua."

Akanieleza yote akiwa amesimama wima, machozi yanamtiririka bila sauti. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Shule yetu haikuwa na bweni, na kutoka Kiberege kuja darasani kila siku asubuhi ni ndoto. Mtoto anayerudi shambani muda ule, mnajua wenyewe, anarudi moja kwa moja. Na kitu kibaya zaidi, alinitazama akasema, "Mwalimu, nilikosea wapi? Sentensi ilikuwa sahihi."

Bi Faustina alikuwa meza ya pili. Alivua miwani.

"Nilikwambia ulinganishe vitu."

"Nimelinganisha wali!" nikasema. "Wali ni kitu!"

"Wali una mpishi, Longino. Ulizaliwa kwenye ghala?"

Akamchukua Rehema akakae kwake nyumba za walimu mpaka Jumapili. Sanduku likabaki kwenye kibaraza chake, na kila nikipita nalikuta linanikodolea macho.

Jioni ile nikapanda baiskeli, nikaenda Lipangalala peke yangu. Nilikuwa na hakika kwamba mambo yatakwisha nikieleza vizuri. Ugonjwa wa walimu huo, kudhani kila jambo duniani limekosa maelezo tu.

"Hodi."

"Karibu." Bi Zuhura alikuwa uani anapepeta mchele. Mama mrefu, kanga kifuani, uso umefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuacha kupepeta. "Wewe ndiye mwalimu wa wali?"

Nikaketi kwenye kigoda. Badala ya kusema samahani, mnajua nilifanya nini? Nilifundisha. Nilianza kumweleza mama mwenye hasira kwamba katika Kiingereza neno fupi huongezwa mkia mwishoni, na neno refu huwekewa "more" mbele, na kwamba sentensi ile ilikuwa ni mfano tu. Nikachora hata ardhini kwa kijiti. Yule mama aliacha ungo, akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umeshawahi kula wali wangu?"

"Hapana, mama."

"Wa Kiberege?"

"Sijawahi kuula Kiberege kwenyewe, hapana."

"Sasa ulijuaje?"

Nimesimama mbele ya wakaguzi, nimeulizwa maswali na watu wa wizarani, lakini sijawahi kukwama vile. Kuku walikuwa wakidonoa mchoro wangu wa sarufi pale chini.

Bi Zuhura akachukua ungo wake tena. "Njoo Jumapili mchana, kabla mama yake hajampakia kwenye gari. Njoo na njaa. Utakula, kisha utalinganisha wewe mwenyewe, hapa hapa, mbele yetu wote. Ukitupa haki, mtoto tutazungumza habari zake. Usipotupa haki, aende."

Nikatoka pale nimenyong'onyea. Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza anishauri, niseme upi mtamu. Akasema, "Mimi nilikuuliza mwaka jana kama gauni la bluu lilinipendeza kuliko la kijani, ukajibu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ufe tu."

Jumapili nikatoka kanisani moja kwa moja. Bi Faustina alinisindikiza, akisema amekuja kushuhudia mazishi. Rehema alikuwa ametangulia. Tukakuta mkeka umetandikwa, na juu yake wamekaa wake wote wawili, Bi Zuhura na mama yake Rehema, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mikono ya jembe, amefika asubuhi na basi. Wamekaa bega kwa bega. Nilitegemea nitawakuta wamepeana mgongo, na kule kukaa pamoja kulinitia hofu zaidi. Mzee Shabani alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anatazama dari.

Sinia mbili zikaletwa, kila moja imefunikwa kawa. Rehema akaninawisha mikono. Maji yakamwagika gotini kwangu, hakuna aliyecheka.

"Wali mtupu," akasema Bi Zuhura. "Mchuzi baadaye, usije ukasingizia samaki."

Nikaonja wa kushoto. Nikaonja wa kulia. Ndugu zangu, niwaambie ukweli: ulimi wangu haukuona tofauti hata chembe. Nikarudia. Nikafumba macho kama muonja pombe. Hakuna kitu. Na hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "mimi sijui". Lakini ningewezaje kukiri sijui, mimi Mista Than, niliyewaimbisha watoto darasa zima kwamba wali wa Kiberege ni mtamu zaidi? Nikasafisha koo.

"Huu wa kushoto," nikasema, "bila shaka ni wa Kiberege. Punje zake zinajitenga. Harufu yake inapanda puani polepole. Huu wa kulia nao ni mtamu sana, una ulaini, una, una utulivu fulani. Kila mmoja una sifa zake, ila wa kushoto..."

Nilisikia kishindo kidogo. Mama yake Rehema alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamruka. Bi Faustina akageukia ukuta. Hata Mzee Shabani aliacha kutazama dari.

"Mwalimu," akasema Bi Zuhura, "wali huo nimepika mimi. Sufuria moja. Nimepakua sinia mbili."

Weee! Nilihisi masikio yanachemka. Kucheka kule kulizunguka nyumba, kukamleta hata jirani dirishani akiuliza kuna nini. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Lakini Bi Zuhura hakucheka. Alingoja watulie.

"Na mchele, gunia ni moja," akasema. "Shamba ni moja, liko Kiberege. Mwenzangu analima, msimu wa kupanda na wa kuvuna nakwenda tunafanya wote. Tunakoboa pamoja, tunagawana. Ninaokula mimi hapa na anaokula yeye kule ni mchele ule ule, mwalimu, na Rehema anajua. Ameyabeba hayo magunia." Akaivuta sinia moja kwake. "Sasa kama mchele ni mmoja, mtoto akisimama mbele ya watu akasema wa Kiberege ni mtamu zaidi, kilichozidi ni nini? Si mkono wa mama yake? Mimi sikununa kwa ajili ya wali. Mimi sina mtoto. Nimemlea huyu akiwa hana meno ya mbele. Nikajiuliza, kumbe siku zote hizi alikuwa anahesabu."

Hapo hata jirani dirishani alishusha macho. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, sijui nilitie mdomoni au nilirudishe. Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

"Mama mkubwa," Rehema akasema, "ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya ubaoni. Nilisema kwa sababu mwalimu alisema tuikariri."

"Nimesikia. Sasa sema yako."

Rehema akatazama chini. Mnajua malezi yetu, mtoto hasimami tu akamwambia mzazi yaliyo moyoni. Tunaona haya. Nadhani ndiyo maana alisema kwa Kiingereza kwanza, kwa sababu Kiingereza hakikuwa cha mtu yeyote pale ndani. Akasema polepole, "I depend on you."

Na mimi, mjinga mimi, katikati ya jambo zito namna ile, moyoni nikaweka alama ya vyema: "on" ipo.

"Tafsiri," akasema Bi Zuhura.

"Ninakutegemea wewe." Kisha akaongeza ambayo hayakuwa kwenye silabasi yoyote. "Nikitoka hapa sina pa kukaa, mama. Kule ni kwa mama, lakini hapa ndipo kwetu."

Nikashtuka. Maskini mtoto, amelinganisha tena, na safari hii mbele ya mama aliyemzaa! Nikamtazama yule mama wa Kiberege. Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga, na sijui kilikuwa kicheko kilichobaki au kilio kilichoanza. Akasema, "Ni kweli. Mimi nimemzaa, lakini akiumwa, dada ndiye anayejua anaumwa wapi." Akamgeukia bintiye. "Ila basi, mwanangu, usilinganishe tena. Yatosha."

Bi Zuhura akamvuta Rehema mkekani, akamkalisha katikati yao, akamfuta uso kwa mkono wake kama vile bado ni wa darasa la kwanza. Kisha akaniangalia.

"Sanduku liko wapi?"

"Liko kwa Bi Faustina, mama. Nitamtuma kijana wa bodaboda alilete sasa hivi."

"Bodaboda haikumfundisha mtu kulinganisha wali," akasema. "Sanduku limetoka hapa kwa mdomo wako. Litarudi kwa kichwa chako."

Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Mimi niliyatimiza hayo maneno kwa miguu, kutoka nyumba za walimu hadi Lipangalala, jua la saa nane, na suruali yangu ya kanisani. Nilipita kando ya soko. Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa pale, kila mmoja alikuja kunipa shikamoo kwa heshima kubwa kuliko kawaida ili apate kuniona vizuri. Shota alinifuata na bodaboda yake taratibu, akaniuliza kama sanduku ni zito kuliko godoro. Godoro lilikuwa la zamu ya pili.

Rehema alifanya mtihani wake akitokea Lipangalala, na alifaulu. Leo ni mwalimu kama nyinyi, anafundisha shule moja huko upande wa Kidatu, na nasikia anafundisha ndoa za vitenzi. Kulinganisha pia anafundisha. Anatumia mawe.

Kwa hiyo msiniulize mbinu kubwa kubwa. Kishikwambi chenu kitawapa mifano mingi kuliko niliyowahi kuwaza, na watoto wa siku hizi wakikushtukia umekosea wanakuonyesha kwenye simu kabla hujageuka. Ni vizuri, mimi ningeokoka na "discuss about" mapema. Lakini hicho kifaa hakijui mtoto aliyeko dawati la nyuma analala kwa nani na anakula kwa nani. Mfano wowote mtakaouandika ubaoni utatoka na mtoto getini, uende ukakae kwenye mkeka wa watu. Ulizeni kwanza mkeka huo una nani.

Siku waliponiaga shuleni kulikuwa na hotuba, na keki iliyoandikwa jina langu kwa kukosea. Bi Zuhura alikuja, sasa mzee, anatembelea fimbo, amemshika mkono yule mwenzake wa Kiberege. Rehema nyuma yao amebeba sinia mbili zilizofunikwa kawa. Wakaziweka mbele yangu pale meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, wakaketi bega kwa bega kama siku ile.

"Haya, Mista Than," akasema Bi Zuhura. "Safari hii tumepika kila mtu yake."

Nikafunua ya kwanza, nikala. Nikafunua ya pili, nikala. Safari hii, Mungu ananiona, tofauti niliisikia. Wote watatu walikuwa wananitazama, pamoja na Bi Faustina aliyekwisha vua miwani. Nikamwangalia Mzee Shabani aliyekaa nyuma kabisa na kofia yake, naye akanikazia macho, anatingisha kichwa kidogo.

Mimi ni Mkatoliki tangu tumboni. Nikafuta mikono, nikasema, "Alhamdulillahi."